Ufundishaji wa klarineti

Ufundishaji wa klarineti ni kazi ya kumwelekeza mtu jinsi ya kupiga klarineti, pamoja na mazoezi ambayo mwanafunzi huyafanya peke yake kati ya somo moja na jingine. Klarineti ni ala ya muziki ya kupuliza yenye tete moja. Imo katika kundi la ala za kupuliza za mbao pamoja na filimbi, oboe, basuni na saksafoni, na hutumika katika okestra, bendi za jeshi na polisi, muziki wa jazi na muziki wa kiasili wa nchi kama Ugiriki na Uturuki.

Ugumu wa kufundisha ala hii hutokana hasa na jambo moja: sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani ya kinywa, kooni na kifuani, ambako mwalimu hawezi kuona. Mwalimu wa piano huiona mikono ya mwanafunzi wake na kuisahihisha. Mwalimu wa klarineti huona vidole na midomo tu. Yaliyobaki hana budi kuyatambua kwa sikio. Mbinu nyingi za ufundishaji zinaeleweka vizuri zaidi jambo hilo likikumbukwa.

Ala yenyewe

Klarineti ambayo wanafunzi wengi huanza nayo ni ile ya B♭. Ina urefu wa takriban sentimita 66 na uzito unaokaribia gramu 800. Huundwa na vipande vitano vinavyounganishwa: kipulizio kinachotiwa mdomoni, pipa fupi, kiungo cha juu, kiungo cha chini na kengele. Tete hufungwa upande wa chini wa kipulizio kwa kibano. Hewa ikipita, tete hutikisika na kuufungua na kuufunga mwanya mwembamba, na mtikisiko huo ndio unaozaa sauti.

Tete hukatwa kutoka mmea uitwao Arundo donax, ambao ni aina ya matete makubwa. Mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, umekuwa maarufu kwa zao hilo. Matete ya dukani huandikwa namba kulingana na ugumu wake. Anayeanza hupewa namba 2 au 2½, na hupanda kadiri misuli ya mdomo inavyopata nguvu. Namba kubwa si cheo, ingawa wanafunzi wengi huichukulia hivyo.

Bomba la klarineti lina upana unaokaribia kuwa sawa tangu juu hadi karibu na kengele, na upande wa tete hufanya kazi kama mwisho uliozibwa. Kwa sababu hiyo mpigaji akibonyeza kibonyezo cha rejista kwa dole gumba la kushoto, sauti haipandi kwa oktava moja kama katika filimbi au saksafoni, bali kwa oktava moja na kwinta. Vidole vilevile vinavyotoa C chini hutoa G juu. Mwanafunzi hulazimika kujifunza majina mawili kwa kila mkao wa vidole, na aliyetoka kwenye rekoda hushangazwa na jambo hili kwa wiki kadhaa.

Klarineti za kitaalamu kwa kawaida hutengenezwa kwa mpingo (Dalbergia melanoxylon), mti uleule unaotumiwa na wachongaji wa Kimakonde. Mbao zake hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na hupendwa kwa sababu huchongeka kwa usahihi na hauharibiwi upesi na unyevu wa pumzi. Hata hivyo ala mpya ya mpingo huweza kupasuka, hasa kiungo cha juu, ndani yake ikilowa joto na unyevu huku nje ikiwa kavu na baridi. Walimu huagiza ipigwe kwa robo saa tu kwa siku katika wiki za mwanzo, kisha muda uongezwe polepole. Wanaoanza hupewa klarineti ya plastiki, ambayo haina shida hiyo na ni ya bei nafuu. Hivyo mtoto wa Kilwa, wilaya inayovuna mpingo, akipata klarineti yake ya kwanza, karibu hakika itakuwa ya plastiki.

Historia ya ufundishaji

Klarineti ilibuniwa Nürnberg, Ujerumani, karibu na mwaka 1700, na sifa hiyo kwa kawaida hupewa fundi Johann Christoph Denner. Katika karne ya 18 wapigaji wengi walijifunza wakiwa katika bendi za jeshi, au kwa baba na wajomba zao, wala hapakuwa na mpango mmoja wa masomo.

Mambo yalibadilika baada ya Chuo cha Muziki cha Paris kuanzishwa mwaka 1795. Chuo kilihitaji vitabu vya kufundishia, na mwaka 1802 mwalimu wake Xavier Lefèvre alichapisha kitabu cha mafunzo ya klarineti. Wakati huo wapigaji wa Ufaransa walifunga tete upande wa juu, likagusana na mdomo wa juu. Mwalimu Frédéric Berr, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1831, alihimiza tete ligeuzwe chini, ambako ulimi hulifikia kwa urahisi zaidi na mdomo wa chini hulidhibiti vizuri. Mkao huo ndio unaofundishwa leo.

Aliyemfuata Berr, Hyacinthe Klosé, alishirikiana na fundi Louis-Auguste Buffet kupanga upya matundu na vibonyezo kwa kufuata mawazo ya Theobald Boehm, Mjerumani aliyeitengeneza upya filimbi. Ala yao ilionyeshwa mwaka 1839 na kupewa hataza mwaka 1844. Kitabu cha Klosé cha mwaka 1843 bado kinachapishwa na bado kimo mikobani mwa wanafunzi. Mwanafunzi wake Cyrille Rose aliandika etyudi 32, nyingi zikiwa zimetokana na mazoezi ya oboe ya Franz Wilhelm Ferling; hizo nazo hupigwa karibu kila mahali ambapo klarineti hufundishwa kwa kiwango cha juu. Huko Ujerumani, Carl Baermann alitoa mfululizo wake wa mafunzo kuanzia mwaka 1864, na sehemu ya tatu, yenye skeli na akodi zilizovunjwa, imekuwa zoezi la kila siku hata kwa wasiotumia klarineti ya Kijerumani.

Mdomo na pumzi

Somo la kwanza mara nyingi halihitaji klarineti nzima. Mwanafunzi hupewa kipulizio na pipa tu. Mdomo wa chini hukunjwa kidogo juu ya meno ya chini, meno ya juu hukaa moja kwa moja juu ya kipulizio, pembe za midomo huvutwa ndani na kidevu hubaki kimenyooka. Mashavu hayajazwi hewa. Akipuliza vizuri, kipulizio na pipa hutoa noti iliyo karibu na F♯ ya piano, juu ya C ya kati kwa oktava moja na zaidi. Kipimo hiki kinampa mwalimu habari ambayo macho yake hayawezi kumpa. Noti ikiwa chini sana, midomo imelegea au hewa ni dhaifu. Ikiwa juu na nyembamba, mwanafunzi anauma.

Kuuma ndilo kosa linalodumu kuliko yote. Mtoto hugundua kwamba akibana taya sauti hutoka upesi, na kwa mwezi mmoja huonekana ameendelea. Baadaye noti za juu hukataa, mdomo wa chini hupata kidonda kwa ndani, na sauti hubaki kama ya mbu. Kurekebisha huchukua muda mrefu kuliko kujifunza upya, kwa kuwa taya imekwisha kuzoea. Baadhi ya walimu humtaka mwanafunzi apige kwa muda akiwa amekunja pia mdomo wa juu juu ya meno yake: anayeuma huumia mara moja, basi huacha.

Kuhusu pumzi, kosa la kawaida ni kuinua mabega. Pumzi inayotakiwa hushuka; mbavu za chini hupanuka na tumbo husukumwa nje kwa kuwa kiwambo kimeteremka. Maelezo ya anatomia huwasaidia wachache. Walimu wengi hupendelea vitendo: mwanafunzi alale chali na kitabu tumboni akitazame kikipanda na kushuka, au ashikilie karatasi ukutani kwa kuipuliza tu, bila mkono, kwa sekunde kumi na tano. Karatasi huanguka pale hewa inapoyumba, kwa hiyo mtoto hujisahihisha mwenyewe.

Nafasi ya ulimi ndani ya kinywa hufundishwa kwa irabu. Ulimi uwe juu kama mtu anayesema "hii", si chini kama anayesema "haa". Ulimi wa juu huipitisha hewa kwa kasi. Ulimi wa chini hufanya sauti iwe pana lakini yenye kuteremka. Ili kuanzisha noti, ncha ya ulimi hugusa karibu na ncha ya tete kama katika silabi "ti", kisha huondoka. Wanafunzi wengi hudhani ulimi ndio unaozaa sauti. Kazi ya ulimi ni kuiachia tu, kama mkono unaofungua bomba la maji. Maji yalikuwa tayari yamejaa nyuma yake.

Mbinu mojawapo ya zamani na yenye manufaa ni mwalimu kusimama mbele ya mwanafunzi na kubonyeza vidole kwenye klarineti ya mwanafunzi, huku mwanafunzi akipuliza tu. Mtoto husikia wimbo kamili ukitoka katika pumzi yake kabla vidole vyake havijauweza. Pia mwalimu hupata jibu la swali analojiuliza kila siku, yaani kama tatizo liko kwenye vidole au kwenye hewa. Tundu lisilozibwa vizuri na pumzi iliyokatika hutoa mlio wa ghafla unaofanana sana.

Kuvuka daraja

Kati ya noti za katikati na zile zinazoanzia B juu ya A kuna mahali ambapo wanafunzi wengi hukata tamaa. Ili kupiga A ya katikati, kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto hubonyeza kibonyezo kimoja. Noti inayofuata ya B huhitaji dole gumba na vidole vitatu vya kushoto, vitatu vya kulia na kidole kidogo kimoja, vyote vikifika kwa wakati mmoja. Kimoja kikichelewa kidogo tu, ala hulia kama bata.

Walimu wazoefu hawaanzii hapo. Humwambia mwanafunzi apige E ya chini kabisa, ambayo tayari imeziba matundu yote, kisha abonyeze kibonyezo cha rejista bila kubadili kitu kingine. B hutoka yenyewe. Kutoka B hushuka na kupanda ndani ya eneo la juu kwa siku kadhaa, na daraja huvukwa kwa kushuka kabla ya kuvukwa kwa kupanda. Msaada mwingine ni kuacha vidole vya mkono wa kulia vimeziba matundu yake wakati wa kupiga noti za katikati. Noti hizo haziharibiki, pengine hata huwa nzuri zaidi, na wakati wa kuvuka hubaki vidole vya mkono mmoja tu vya kushusha. Vitabu kadhaa vya watoto hupuuza jambo hili na kuonyesha kila noti kwa mkao wake wa pekee.

Mazoezi ya kila siku

Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Sababu moja ni kumbukumbu ya vidole. Nyingine ni kwamba misuli midogo ya kuzunguka mdomo huchoka haraka, na aliyechoka huanza kuuma. Kwa hiyo mazoezi ya saa zima yakipumzikwa kila baada ya robo saa huleta matokeo bora kuliko saa isiyokatizwa.

Desturi ni kuanza na noti ndefu. Noti moja hupigwa kwa pumzi moja, huanza kwa sauti ndogo, hukua, hurudi kuwa ndogo, bila kuyumba wala kupanda au kushuka. Zoezi hili huwachosha watoto na halina wimbo, ila ndipo mwanafunzi hujifunza kusikiliza kile ambacho mwalimu hakioni. Baada yake huja skeli, etyudi, na mwishoni kipande cha muziki. Mpangilio huo haupaswi kuwa sheria. Mtoto mwenye dakika kumi tu huenda akafaidika zaidi akipiga wimbo anaoupenda, kuliko kumaliza muda wote kwenye noti ndefu na kuiweka klarineti kabatini kwa mwezi mzima.

Pasipopigika hupigwa polepole kwa metronomu. Mara nyingi kosa haliko katika mstari mzima bali kati ya noti mbili, na kurudia mstari mzima kutoka mwanzo ni kulizoeza kosa. Mwanafunzi hutenga noti hizo mbili, huzirudia mbele na nyuma, kisha huongeza moja kabla na moja baada. Daniel Bonade, Mfaransa aliyekuwa mwalimu mashuhuri Marekani katika karne ya 20, aliwafundisha wanafunzi wake kupiga noti fupi polepole na kuvipeleka vidole kwenye noti inayofuata wakati wa ukimya, kabla ulimi haujaiachia. Vidole na ulimi hutenganishwa hivyo, na kila kimoja husikika kasoro yake.

Klarineti haizibwi sauti kama tarumbeta, kwa sababu sauti hutoka kwenye matundu na si kwenye kengele tu. Katika nyumba zilizobanana hili ni tatizo la kweli. Baadhi ya wanafunzi hufanya mazoezi ya vidole bila kupuliza usiku, na hubakiza kupuliza kwa saa ambazo majirani hawajalala. Simu yenye kinasa sauti imekuwa msaada mkubwa: anayepiga husikia sauti yake kupitia mifupa ya fuvu, kwa kuwa meno yamegusa kipulizio, na hushangaa anaposikia ile wanayoisikia wengine.

Masomo ya wawili yana historia nzuri. Franz Schoepp, mwalimu wa Chicago mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na kawaida ya kumbakiza mwanafunzi aliyemaliza somo ili apige pamoja na anayefuata. Kwa njia hiyo kijana Benny Goodman alipiga pamoja na Buster Bailey, mpigaji mweusi aliyekuja kuwa maarufu katika jazi, wakati ambapo bendi za jukwaani zilikuwa bado zimetengwa kwa rangi. Goodman mwenyewe alirudi kuwa mwanafunzi mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 40 na sifa duniani kote, aliposoma kwa Mwingereza Reginald Kell na kubadili mkao wake wa mdomo.

Tete, usafi na afya

Tete ni kitu kidogo kinachoharibu masomo mengi. Mwenye tete moja hulipiga mpaka limechakaa, na kwa kuwa linachakaa kidogo kidogo, mdomo wake hujifunza kulisaidia kwa kubana. Akipewa jipya hushindwa kulipiga na kudhani ni bovu. Katika miji ambako matete huagizwa kutoka nje, hali hii ni ya kawaida kuliko kukosa kipaji. Mwalimu mwangalifu hupiga tete la mwanafunzi kwanza kabla ya kumkosoa. Inashauriwa kuwa na matete matatu au manne yanayopokezana, na kuyakausha juu ya kitu bapa. Matete ya plastiki hudumu muda mrefu zaidi, ingawa moja huweza kuuzwa kwa bei ya mengi ya kawaida.

Bomba hufutwa kwa kitambaa kila baada ya kupiga. Kipulizio huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu ebonaiti hubadilika rangi na hata umbo. Shule zinazogawana ala zinatakiwa kumpa kila mtoto kipulizio na tete lake. Ala isiyosafishwa huota kuvu, na madaktari wameeleza wagonjwa waliopata uvimbe wa mapafu kwa kuivuta. Uzito wote hubebwa na dole gumba la kulia. Kwa mtoto mdogo mkanda wa shingoni ni kinga, wala si anasa.

Afrika Mashariki

Klarineti ilifika Afrika Mashariki pamoja na bendi za jeshi za wakoloni, na bendi za polisi na majeshi za Kenya, Tanzania na Uganda zimeendelea kufundisha wapigaji wake zenyewe. Nje ya bendi hizo, Conservatoire ya Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1944 hufundisha ala za kupuliza, na mradi wa Ghetto Classics katika mtaa wa Korogocho umewapa vijana ala za okestra pamoja na walimu. Wanafunzi wengi hufanya mitihani ya bodi ya Uingereza ya ABRSM, yenye madaraja manane. Mitihani hiyo huwapa lengo, lakini imewafanya wengine wapige vipande vitatu mwaka mzima na kutoweza kusoma cha nne.

Pwani kuna ala nyingine ya kupuliza ya mbao, zumari, ambayo huchanganywa na klarineti kwa jina ingawa ina tete la tabaka mbili. Wapigaji wake katika ngoma za Lamu, Mombasa na Unguja hupiga bila kukata sauti: hujaza hewa mashavuni na kuisukuma nje kwa misuli ya mashavu huku wakivuta pumzi puani. Klarineti pia hupigwa hivyo, na vitabu vya Ulaya huiita mbinu ya hali ya juu. Zoezi la kuianza ni bilauri ya maji na mrija: mwanafunzi hutoa mapovu na kujaribu kuvuta pumzi puani bila mapovu kukoma.